Staa, matusi kwa fundi hayazibi Beetle inayovuja!

Kuna staa mmoja wa Bongo Fleva ambaye wiki nzima hii anamchamba fundi wake mtandaoni. Kosa? Mvua imenyesha, Beetle yake ya miaka ya 70 imelowa kapeti. Mashabiki wakaambiwa huyo fundi ni tapeli, wakaitikia kwa matusi, na wengi wao hata hiyo gereji hawaijui ilipo.

Ukweli usemwe. Beetle haina rejeta, injini yake inapozwa na hewa. Maji yakikutwa miguuni, hayo ni ya mvua, na kuyatafuta yanapopita siyo kazi ya dakika kumi. Yanaweza kuingilia kwenye mpira wa kioo cha mbele uliokakamaa, yakatambaa chini ya dashibodi, yakaja kutokea mbali kabisa. Wahenga walishasema: usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa.

Fundi anayejua kazi anang'oa viti na kapeti, anakausha, anapaka poda sehemu anazozishuku. Msaidizi anamwagia maji nje, taratibu, akianzia chini kupanda juu, eneo moja moja. Fundi yuko ndani na tochi, anasubiri mchirizi kwenye poda. Anazibua vile vitundu vya chini ya milango, maana mlango kuingiza maji ni kawaida, ugonjwa ni kushindwa kuyatoa. Mpira uliochoka unatolewa, kutu inakwanguliwa, ndipo mpya unavalishwa.

Kazi hiyo ni ya siku kadhaa. Staa alitoa jioni moja! Video yake mwenyewe ya gereji bado ipo, anasikika akisema, "Piga silikoni fasta, kesho nina shooting." Sasa silikoni juu ya mpira mbovu ni foundation juu ya chunusi: kwenye picha uko fresh, chini panaoza. Na kwenye Beetle betri imekaa hapo hapo sakafuni, chini ya kiti cha nyuma.

Kinachouma ni kwamba staa ana followers, fundi ana jina tu. Gari likioza, staa atanunua lingine. Jina la fundi likioza, watoto wake watakula nini?

Ukitaka sifa za gari la zamani, kubali na gharama za masika yake. Futa hiyo posti, omba radhi, rudisha gari gereji.

Wadau, fundi ana kosa gani hapa? Tiririkeni.