Msiseme Waswahili Hawasomi, Tazameni Kioo Wanachosomea

Kila penye kongamano la fasihi lazima atokee mtu aseme Waswahili hawasomi. Atatikisa kichwa, atapigiwa makofi, kisha chai italetwa. Mie nimeichoka kauli hiyo. Nina swali dogo kwa anayeisema: umewahi kusoma riwaya ya kurasa 200, iliyopigwa skani ikiwa imepinda, kwenye kioo cha bei poa, saa tatu usiku, umeme umekatika? Jaribu kwanza, halafu uje utuhubirie.

Nayaandika haya Mgogoni, Pemba. Hapa hakuna duka la riwaya. Kitabu kikitoka Dar es Salaam au Unguja kinapanda boti, kinashuka Mkoani, kinapanda gari la abiria, na bei yake inapanda pamoja nacho. Kwa hiyo wasomaji wa huku, na wapo, wameacha kutusubiri. Wanasoma PDF. Wanasoma kwenye simu, kwenye laptopu za mtumba, na kwenye vishikwambi kama vile walivyogawiwa walimu baada ya kutumika katika Sensa ya 2022. (Haki ya mwandishi katika hizo PDF ni ugomvi mwengine, tutaugomba siku nyengine.) Sasa wewe uliyekaa mjini na rafu yako ukatuambia kitabu ni karatasi na harufu yake, ahsante. Harufu hiyo haivuki bahari.

Lakini hata wanaokubali kusoma kwenye kioo wanatupotosha. Uliza leo ununue laptopu gani inayogeuka kishikwambi, uone majibu. RAM ngapi. GB ngapi. Prosesa ya kizazi gani. Kioo, ambacho ndicho utakachokitazama saa tatu mfululizo, hakitajwi, au kinatajwa kwa neno moja: "kikali". Mjini muuzaji mmoja alinionesha ukali huo kwa video ya samaki wa rangi. "Tazama rangi hizo, shekhe!" Nikamwomba afungue ukurasa wa maandishi. Akanitazama kama niliyeomba embe kwenye duka la viatu.

Ujanja uko hapo. Filamu huficha ubaya wa kioo kwa sababu picha inakimbia. Herufi imetulia, inakusubiri uione kingo zake.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua idadi ya pikseli za upana, izidishe yenyewe kwa yenyewe. Fanya hivyo kwa za urefu. Jumlisha, tafuta kipeo cha pili, gawa kwa inchi za kioo. Laptopu ya inchi 11.6 yenye pikseli 1366 kwa 768, zile ndogo zilizojaa kwenye mtumba, inakupa pikseli 135 kwa inchi. Kishikwambi cha inchi 10.1 chenye 1280 kwa 800 hakifiki 150. Jicho zima linalosoma kwa umbali wa sentimita 40 linahitaji kama 220 ndipo lisizione doti. Surface Go ya 2018, yenye kioo cha inchi 10 na pikseli 1800 kwa 1200, inafika 216, na iPad nyingi tangu 2012 zina 264. Kwa hiyo kikali kipo, na ukipata cha mtumba chenye betri hai hutafilisika. Ila kibodi ya Surface Go huuzwa mbali, usije ukaingizwa mjini.

Kuna umbo pia, jambo ambalo sijaona mhakiki hata mmoja akiligusa. Ukurasa wa A4 urefu wake ni mara 1.41 ya upana. Vioo vingi vya laptopu ni 16 kwa 9, yaani mara 1.78, umbo la sinema. Kisimamishe, ukurasa unabanwa kwa upana na weusi unabaki juu na chini. Kilaze, unaona nusu ukurasa, na kila aya unasukuma kwa kidole mpaka sentensi ya mwandishi inakufa mkononi. Kioo cha 3 kwa 2, au 4 kwa 3, kinaubeba ukurasa karibu wote. Mie ningetoa nusu ya RAM nipate umbo hilo.

Kwetu Pemba hili lina uzito zaidi. Hiki ni kisiwa cha Kamange na Sarahani, na *Kale ya Washairi wa Pemba* ilichapishwa mwaka 2011. Miswada ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu imewekwa mtandaoni na chuo cha SOAS, London, na watoto wa huku wanazijua herufi hizo tangu chuoni. Katikati ya neno be, te na nun zina umbo moja. Kinachozitenganisha ni nukta: moja chini, mbili juu, moja juu. Kwenye kioo hafifu nukta mbili zinashikana zinakuwa moja, na neno limeshageuka. Unamnyima kijana urithi wa babu zake kwa pikseli!

Na macho? Usinunue miwani ya kuzuia mwanga wa buluu kwa matangazo. Mapitio ya Cochrane ya 2023 hayakuona kuwa inapunguza uchovu wa macho kwa muda mfupi. Pepesa macho, ndilo jambo tunalolisahau mbele ya kioo. Dukani punguza mwangaza mpaka chini, kisha elekeza kamera ya simu nyengine kwenye kioo. Ukiona mistari mieusi inatembea, kioo kinawaka na kuzima haraka kuliko unavyotambua, na wapo kinaowauma kichwa. Halafu kitoe nje ya mlango. Ukijiona uso wako badala ya herufi, kirudishe. Stika ya kuua mng'ao inasaidia, lakini inazitia herufi ukungu, kwa hiyo umelipia ukali ukaubandika plasta.

Wachapishaji nao wasijifiche nyuma yangu. Anayeuza kitabu cha kidijitali mwaka huu kwa PDF iliyoganda, isiyokubali herufi kukuzwa zikajipanga upya, hajawafikiria wasomaji waliovuka miaka 40, ambao macho yao ya karibu yameanza kuchoka. Maalim mmoja jirani yangu husoma simu ameinyoosha mkono mzima, mstari kwa mstari, kushoto kulia, kushoto kulia. Akiacha kitabu katikati, huyo ndiye mtamhesabu kuwa hasomi?

Basi mhakiki anayetaka kuirudia ile kauli yake aje Mgogoni na kishikwambi chake. Tutakaa barazani saa nane mchana, tutafungua ukurasa mmoja wa skani, na atatusomea kwa sauti.