PANGA HUNOLEWA MDOMONI

Kwa miaka mingi nchi ya Wasukuma, Bariadi na Mkoa wa Simiyu ukiwamo, imebeba sifa mbaya ya mauaji ya vikongwe wanaodhaniwa kuwa wachawi. Mara nyingi ushahidi wenyewe ni macho mekundu. Macho hayo hayakuletwa na uchawi, bali na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe ambao mama huyo ameupikia tangu ujana wake.

Imezoeleka kusema kwamba chanzo ni imani ya uchawi. Sisi twaona hiyo ni nusu ya ukweli. Waaminio uchawi ni wengi, mijini na vijijini. Washikao panga ni wachache. Linalowatenga ni imani ya pili, yaani jinsi mtu anavyoufikiria ukatili wenyewe. Aaminiye kwamba kuua ni dhambi na aibu, hata akiogopa, ataomba dua au atahama. Aliyefundishwa kwamba kumwua mchawi ni kukilinda kijiji, huua huku akijiona ametenda wema.

Ndugu zetu wa visiwani wasidhani hayo ni ya bara peke yake. Mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipotanda Pemba na Unguja, watu waliodhaniwa tu walishambuliwa, na mjini Zanzibar mgonjwa wa akili aliuawa na kundi la watu. Waliompiga nao waliamini kwamba wanajihami.

Imani ya namna hiyo haiondolewi kwa kifungo cha mwuaji peke yake. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inamtia hatiani pia anayemtuhumu mwenziwe uchawi pasipo kupeleka tuhuma hiyo kwa wenye mamlaka. Basi kwa nini tungoje maiti? Mpiga ramli chonganishi akishataja jina la bibi fulani, panga limekwisha nolewa. Polisi na maofisa watendaji wa vijiji hawana budi kumshika siku hiyo hiyo, na kumpa bibi huyo ulinzi.

Viongozi wa sungusungu, walimu, mapadri na mashekhe nao wana kazi. Vijana wao wawaambie waziwazi, mkutanoni na ibadani, kwamba amwuaye kikongwe hakukikinga kijiji na lolote. Ni mwuaji, na kijiji kinachomficha kimeshika mpini pamoja naye.