Kadi haijui nauli

Mtoto akikosa kliniki wiki mbili, kadi yake huandikwa kitu. Ya kijana wetu iliandikwa: "Mama hafuati maagizo." Naipinga hiyo sentensi neno kwa neno.

Alizaliwa nyayo zote mbili zimepinda kuelekea ndani. Klabufuti. Takriban mtoto mmoja kwa kila elfu huzaliwa hivyo, na dawa yake inajulikana. Ignacio Ponseti, daktari Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwamba mguu wa mtoto mchanga unanyooshwa pole pole kwa mikono, unafungwa plasta, wiki inayofuata unafunguliwa na kunyooshwa tena. Plasta tano, sita, saba. Mara nyingi kano ya kisigino hukatwa kidogo, plasta ya mwisho inakaa wiki tatu, halafu vinakuja viatu vilivyounganishwa na chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala hadi miaka minne au mitano. Viatu vyenyewe, vile vya Steenbeek, vilibuniwa hapo Uganda kwa ngozi na chuma cha kawaida. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba shida ni teknolojia.

Shida ni hesabu. Sisi tunakaa Chepilat, mpakani mwa Bomet na Nyamira. Mama ya mtoto anachuma chai, na analipwa kwa kilo. Siku ya kliniki hana kilo hata moja. Kuna gari la kwanza mpaka Sotik, la pili kuendelea mbele, na jioni kurudi vivyo hivyo. Hata pale plasta ni bure, konda hajawahi kusikia hiyo habari. Plasta saba ni siku saba bila mshahara, na hapo bado hujafika kwa viatu. Zile wiki mbili tulizokosa, pesa ilikuwa imeisha, basi. Mimi nilikuwa nangoja kulipwa makala (wanaoandika wanajua hiyo ngoja ni ya namna gani).

Na mimi ndiye baba. Niliacha chuo, naandika kwa simu, siku zangu ni za kupanga mwenyewe. Nimempeleka mara tatu peke yangu. Kila mara naulizwa: "Mama yuko wapi?" Hakuna aliyewahi kuandika kwamba baba hafuati maagizo.

Kijijini nako kuna toleo lao: eti alipokuwa na mimba alimcheka mlemavu. Sayansi yenyewe haijapata chanzo kimoja cha klabufuti, lakini jirani ameshakipata, ni mama. Kati ya huyo jirani na aliyeshika kalamu kliniki, sioni tofauti kubwa, ila mmoja ana koti jeupe.

Ni kweli mtoto asipovaa viatu miguu inaweza kurudi kupinda. Hiyo ndiyo sababu nina hasira. Kama kukosa ni hatari hivyo, andikeni sababu ya kukosa: nauli. Mashamba yalipe siku ya kliniki kama siku ya kazi. Kaunti ilete plasta karibu, pale pale watoto wanapochanjwa.

Mwezi ujao tunarudi, mimi na kijana. Nikiulizwa mama yuko wapi nitajibu: yuko kwa chai, anatafuta nauli ya kliniki itakayofuata.