Yossarian katika Jangwa la Arrakis

Wapo wahakiki wanaoshikilia kuwa tashtiti ya vita na riwaya ya kisayansi yenye upeo wa utendi haziivi chungu kimoja. Dai hili halina mashiko. Hebu tumtwae Yossarian wa *Catch-22* (Joseph Heller, 1961), askari anayekataa kufia sifa za wakubwa wake, tumtie katika jeshi la Paul Atreides wa *Dune* (Frank Herbert, 1965). Shujaa aliyetabiriwa atahubiri ushindi. Yossarian atauliza ni nani atakayekufa. Herbert mwenyewe hakulikwepa swali hilo: katika *Dune Messiah* (1969), Paul anakiri kuua watu bilioni 61. Utendi huo, basi, una mimba ya tashtiti. Anayezitenga tanzu hizi anamkinga shujaa na wafu wake.