Easton ilikuwa mfalme wa stiki za hoki. Saa hii begi lake linabeba dawa za mbuzi Bisil

Wiki jana nilikuwa soko la mifugo pale Bisil. Sikuwa nanunua kitu, nilikuwa nimemsindikiza binamu yangu aliyekuja na mbuzi sita. Kando yetu kulikuwa na mzee mmoja wa shuka nyekundu, na begongoni amebeba begi jeusi, refu, aina ile ya kubebea bunduki kwa muvi. Limeandikwa EASTON kwa herufi kubwa nyeupe. Akalifungua: dawa za minyoo, kamba, sindano, na chupa ya chai.

"Mzee, hii begi ulitoa wapi?"

"Mitumba, Kitengela. Mia nne. Kwani unaitaka, kijana?"

Begi sikutaka. Ni hilo jina ndilo lilinishika, maanake wasee wanaofuatilia michezo ya ng'ambo wanajua Easton haikuwa ya kuchezewa. Miaka kama 20 hivi iliyopita, mtoto wa Kanada akiulizwa anataka zawadi gani ya Krismasi, kulikuwa na nafasi kubwa aseme stiki ya Easton. Halafu jina hilo likatolewa kwa barafu. Kampuni haikufagiliwa na vita wala korona. Iliuzwa, ikakatwa vipande, ikauzwa tena, halafu mpinzani wake akainunua na kuzima taa.

Kabla sijaendelea, tuelewane. Nikisema hoki hapa simaanishi ile ya City Park, ya nyasi, ambayo Kenya ilimaliza nambari nne kwa Kombe la Dunia la kwanza kabisa huko Barcelona mwaka wa 1971. Hiyo ni stori ya siku nyingine, na inauma. Leo ni hoki ya barafu. Na kabla useme "hiyo inatuhusu aje sisi wa Kajiado", vuta kiti. Tutafika huko.

Easton haikuanza na hoki. Ilianza na mishale. Mwaka wa 1922, jamaa anaitwa Doug Easton alianza kutengeneza pinde na mishale ya mbao kule California. Shida ya mbao kila Mmaasai anaijua: hakuna miti miwili inayofanana. Hapa kwetu mtu anaweza kuzunguka msituni siku nzima akitafuta tawi la oloirien lililonyooka vizuri la kuchonga fimbo, na bado akirudi wazee watamwambia hili ni zito, hili limepinda. Doug naye alichoka na hiyo bahati nasibu. Akahamia alumini, chuma chepesi kinachotoka mashineni kikifanana kila kipande. Wapiga mishale wakaipenda. Mwisho wa miaka ya 60 kampuni ikaingiza alumini kwa magongo ya besiboli, na miaka ya 80 ikaingia hoki.

Wachezaji wa hoki walikuwa wamezoea mbao tangu zamani za babu zao. Halafu karibu 1990, Wayne Gretzky, msee ambaye wengi wanasema ndiye bora kuwahi kutokea kwa huo mchezo, akiwa Los Angeles Kings, akaacha stiki yake ya mbao ya Titan akashika ya Easton, ya alumini, inang'aa kama sufuria mpya. Hapo ndio mambo yalibadilika. Gretzky akishika kitu, watoto wa nchi mbili nzima wanakililia.

Lakini kilichoifanya Easton iwe mfalme ni Synergy, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hii haikuwa alumini tena. Ilikuwa nyuzi za kaboni, kipande kimoja kutoka juu hadi chini, nyepesi, na inapinda kidogo ukipiga kisha inarudi kwa nguvu na mpira unatoka kama risasi. (Sawa, si mpira, ni kile kisahani cheusi. Mnanielewa.) Stiki ya mbao ilikuwa ya dola chache. Hii ilipita dola 100 na bado watu walipanga foleni. Ndani ya miaka michache, ligi kubwa ya Marekani na Kanada, NHL, ilikuwa imejaa hizi stiki, na mbao ikaanza kuonekana kitu cha makumbusho.

Sasa, wapenzi wa hoki wakikuelezea vile Easton ilianguka, wengi watakuambia stiki zilikuwa zinavunjika. Ni kweli zilivunjika. Mechi iko moto, jamaa yuko mbele ya goli, anapiga, na stiki inakatika vipande viwili kama muwa. Runinga zikaonyesha hiyo kitu mara kibao. Mimi lakini siamini ndiyo iliyowaua. Stiki za kaboni za kila kampuni zilikuwa zinavunjika, na leo bado zinavunjika, na kampuni hizo ziko hai.

Kilichowamaliza nakiona kwa vitu viwili, na cha kwanza ni rahisi: siri yao iliibiwa, kihalali kabisa. Synergy ikishafanikiwa, kila mtu akajua njia ni kaboni, kipande kimoja. Bauer, CCM, Warrior, wote wakaingia. Bauer hasa walikuwa na kitu ambacho Easton haikuwa nacho kwa nguvu ile ile, yaani viatu vya barafu. Mtoto anaanza na viatu. Akishavaa viatu vya Bauer, helmeti ni Bauer, glavu ni Bauer, na siku ya kununua stiki jina liko tayari kichwani. Easton walijaribu kuuza viatu na helmeti pia, ila watu waliwajua kwa stiki.

Cha pili ndicho kinanikera, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka wa 2006 familia ya Easton iliuza kampuni kwa dola milioni 385. Aliyenunua alikuwa Riddell Bell, kampuni ya helmeti, ambayo nayo ilikuwa chini ya Fenway Partners. Fenway ni wale wawekezaji ambao kazi yao ni kununua kampuni, kuzikalia miaka kadhaa, na kuziuza kwa faida. Hawa wasee kawaida hawatoi doh yote mfukoni. Wanakopa, halafu mkopo unawekwa juu ya kampuni yenyewe iliyonunuliwa. Ni kama mtu anunue ng'ombe wako kwa mkopo, halafu ng'ombe mwenyewe ndiye anakamuliwa kulipa benki. Maziwa ya ndama yanaisha kwanza. Kwa kampuni ya stiki, ndama ni ile pesa ya utafiti, ya kutengeneza kitu kipya kabla mwenzako akufikie.

Na soko lenyewe si kubwa vile watu hufikiria. Angalia Nike. Hao ni Nike, wenye pesa kama mchanga. Walinunua kampuni mama ya Bauer katikati ya miaka ya 90 kwa dola milioni 395, wakashindwa kuchoma huo mchezo vile walichoma kandanda, na mwaka wa 2008 wakaiuza kwa dola milioni 200. Karibu nusu bei. Kama Nike ilitoka imeumia, mtu wa mkopo angetoka aje? Ongeza na migogoro ya mishahara NHL: msimu wote wa 2004/05 ulifutwa, na ule wa 2012/13 ukakatwa karibu nusu. Hakuna mechi, hakuna mtoto anaona nyota wake, stiki zinakaa dukani.

Basi 2014 ng'ombe akachinjwa. Upande wa besiboli, uliokuwa na nyama, ukauzwa kwa dola milioni 330. Aliyenunua? Kampuni mama ya Bauer. Ndio, wale wale wapinzani. Upande wa hoki ukaenda kwingine, kwa wawekezaji wanaitwa Chartwell. Fikiria hiyo hali: unaendesha kampuni ya hoki inaitwa Easton, na mpinzani wako mkubwa kwa barafu ndiye anauza magongo ya besiboli yenye jina lako. Maze, hata kwa ndoa za mitala kuna heshima kuliko hapo.

Haikudumu. Januari 2016 hao hao wenye Bauer, ambao sasa walikuwa wamejiita Performance Sports Group, wakanunua na kipande cha hoki kilichobaki. Hawakukinunua wakiendeleze. Jina likatolewa kwa barafu.

Hapa mtu anaweza kusema basi, mwenye nguvu alishinda. Ngoja kwanza. Huyo mnunuzi naye alikuwa amejaza madeni kwa kununua kila kitu, na Machi 2016 duka kubwa la vifaa vya michezo Marekani, Sports Authority, likafilisika likiwa na deni lake. Tarehe 31 Oktoba 2016, miezi kumi hivi tu baada ya kumeza Easton, Performance Sports Group nao wakakimbilia mahakama ya kufilisika. Bauer ikanunuliwa na watu wengine kwa dola milioni 575 na ikapona. Easton ya hoki ilikuwa imeshazimwa.

Sisi hii filamu tumeiona. Nakumatt haikufa kwa sababu wateja walichukia kile kitembo chake. Wasee walipenda Nakumatt mpaka siku rafu zilibaki tupu, na zilibaki tupu kwa sababu wenye kuleta unga na sabuni hawakuwa wanalipwa. Mteja huona rafu. Haoni vitabu vya hesabu.

Turudi Kajiado sasa, vile niliahidi. Panda matatu pale Bisil, pita Kajiado, Isinya, Kitengela na Athi River, shika Mombasa Road. Kabla hujafika mjini kuna hoteli ya Panari, na ndani yake, tangu 2005, kuna uwanja wa barafu. Ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa NHL. Hapo ndipo ilizaliwa timu ya Ice Lions, vijana wa Kenya wanaocheza hoki ya barafu kwenye nchi ambayo barafu nyingine iko Mlima Kenya na kwa friji ya soda. Walicheza miaka wakiwa peke yao, hakuna timu nyingine ya kushindana nayo hapa nchini. Mwaka wa 2018 kampuni ya kahawa ya Kanada, Tim Hortons, iliwapeleka Toronto, wakavalishwa vifaa vipya na kucheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Ile video ilizunguka dunia. Na 2024 Kenya ikakubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la huo mchezo.

Vizuri kabisa. Lakini uanachama haununui stiki. Timu kama hii imeishi sana kwa vifaa vya kupewa, na hapo ndipo kifo cha Easton kinawagusa watu ambao hawakuwahi kuwa na hisa hata moja. Kampuni kubwa zikiwa nne au tano zinapigania wateja, kuna mmoja atapunguza bei, kuna mwingine atatafuta timu ya mbali ajitangaze nayo. Zikibaki mbili zenye nguvu, Bauer na CCM, nani ana haraka? Leo stiki ya daraja la juu inapita dola 300. Hiyo ni karibu shilingi 39,000. Siku ile Bisil binamu yangu aliuza mbuzi wake kwa wastani wa elfu kumi, na alikuwa ameridhika. Kwa hivyo stiki moja ni mbuzi wanne, na bado ni kaboni, bado inaweza kukatika jioni hiyo hiyo.

Ndio maana nikisikia watu wakisherehekea kampuni kubwa "imepanuka" kwa kununua wenzake, mimi huuliza kwanza imenunua kwa pesa ya nani.

Na lile begi? Nilikuja kugundua huenda hata halikuwa la hoki. Jina la Easton bado linauzwa kwa upande wa besiboli, kwa hivyo pengine lilibeba magongo ya mtoto fulani wa Texas kabla lifike Kitengela ndani ya beli. Nilimwambia mzee hiyo stori yote, fupi fupi, binamu yangu akitafsiri Kimaa pale nilipokwama. Alisikiza mpaka mwisho, akavuta zipu ya begi mara mbili kuonyesha bado inafanya kazi, akasema mia tano.