Benki za bakteria wa udongo ziungane, mkulima anufaike

Mwaka 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 wa urea ilipita Sh100,000 katika maeneo mengi ya Tanzania, kabla Serikali haijaanza kutoa ruzuku. Mfuko huo una kilo 23 tu za naitrojeni. Wakati mkulima akihangaika kuutafuta, asilimia 78 ya hewa iliyo juu ya shamba lake ni naitrojeni hiyo hiyo, na haitozwi hata senti moja.

Wenye uwezo wa kuivuna hewa hiyo ni bakteria waitwao rizobia. Huishi katika vinundu vya mizizi ya mazao ya mikunde kama soya, maharage, kunde na karanga. Soya si zao la asili ya Afrika, hivyo mashamba mengi hayana bakteria wake wa kutosha. Ndiyo maana mbegu hupakwa chanjo, yaani unga wenye bakteria hao, takriban gramu 10 kwa kilo moja ya mbegu. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na mfuko wa mbolea.

Swali ambalo wakulima na wauza pembejeo wachache hujiuliza ni hili: bakteria hao wanatoka wapi?

Kila pakiti huanzia kwenye kichupa kilichohifadhiwa katika maabara inayoweza kuitwa benki ya bakteria. Humo kila aina ina namba yake, jina la mahali ilipookotwa na zao inaloendana nalo. Aina iliyotumika sana kwa soya, USDA 110, imehifadhiwa Beltsville, Marekani. Ile ya maharage, CIAT 899, ilitoka Colombia.

Afrika Mashariki nayo haiko mikono mitupu. Mwaka 1977, kwa msaada wa UNESCO, Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kituo cha rizobia huko Kabete, ambacho kilizaa chanjo ya Biofix. Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, kiliwahi kutengeneza Nitrosua, ingawa haikupata soko la kudumu. Makerere nchini Uganda na Rubona nchini Rwanda nako kuna kazi iliyofanyika. Aidha, watafiti nchini Kenya wamepata bakteria wa kienyeji waliofanya vizuri kuliko baadhi ya wale wa kigeni.

Tatizo ni kwamba kila benki inaishi kivyake. Mradi ukiisha, fedha za umeme na vifaa hukatika. Mtaalamu akistaafu, daftari lake hubaki kabatini. Jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri likizimika kwa siku chache, kazi ya miaka 20 inaweza kupotea. Kama hakuna nakala kwingine, bakteria huyo amekwenda, na atakayemhitaji itabidi aanze tena kuchimba udongo shambani.

Brazil ilichagua njia nyingine. Aina zinazoruhusiwa kutengenezea chanjo hupimwa na watafiti wa taasisi mbalimbali wanaokutana na kukubaliana, kisha benki ya taifa huwapa watengenezaji mbegu mama ile ile. Leo taifa hilo linaongoza kwa uzalishaji wa soya duniani, na wakulima wake karibu hawatumii kabisa mbolea ya naitrojeni kwenye zao hilo.

Wapo wanaohofu kwamba kushirikiana ni kugawa mali ya taifa bure. Hofu hiyo ina msingi. Bakteria kutoka maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya walichukuliwa miaka ya 1990 na kuzaa bidhaa za viwandani ng'ambo, na mgogoro wa mgao ukafuata. Lakini dawa yake ni mkataba, si kufungia vichupa kabatini. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inatoa msingi wa kuandika nani ametoa nini na atalipwa vipi.

Mtandao unaohitajika hauhitaji jengo jipya. Unahitaji mambo matatu: daftari moja la pamoja, nakala ya kila aina muhimu katika nchi mbili tofauti, na maabara zinazopima pakiti sokoni kwa kipimo kimoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweza kuanza na rizobia wa soya na maharage. Tozo ndogo kwa kila pakiti inayouzwa inaweza kulipia umeme wa majokofu, badala ya kusubiri mfadhili.

Bila hayo, anayeumia ni wa mwisho kwenye mnyororo. Mwenye duka anauza pakiti asiyoweza kujua kama bakteria wake wako hai, na mkulima anagundua msimu ukiwa umekwisha.

Kwa sasa, mnunuzi aangalie tarehe ya mwisho ya matumizi na akatae pakiti iliyoanikwa juani. Mbegu zilizopakwa zisikae juani, zipandwe siku hiyo hiyo. Soya ikianza kutoa maua, ang'oe miche michache kwa jembe na kupasua vinundu. Vikiwa vyekundu au vya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe au vya kijani, au visipokuwapo, arudi dukani na kuuliza chanjo hiyo ilitoka benki gani. Mwenye duka anastahili kuwa na jibu.