Safari ya siku moja: nani aliulizwa?



Katika mkutano wetu mmoja, mwenzetu alileta mpango mzuri wa kusikia. Tukodi mashua yenye mota, tutafute kijana anayejua Kifaransa na Kiingereza, tuchukue wageni wanne au watano kutoka Kalemie alfajiri, tuwaonyeshe «magofu ya kale na mahali patakatifu» kando ya ziwa, na usiku tuwarudishe otelini. Kila mgeni atatoa dola zake, na sanduku la chama litajaa. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Waliniuliza juu ya nini, na siku ile sikujibu vizuri, kwani hasira inafunga kinywa. Leo najibu kwa kalamu.

Sipingi wageni. Sisi wa Zongwe tulifundishwa tangu utoto kwamba mgeni akifika anapewa kiti na maji mbele ya kuulizwa habari. Ninapinga jambo moja tu: kuuza mahali ambapo mwenyewe hana nguvu ya kusema hapana. Na nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nimekwisha kukosa.

Miaka michache imepita tangu nilipochukuliwa kuwa mkalimani katika safari ya namna hiyo. Waliotengeneza safari sitawataja, na mlima wenyewe sitautaja vilevile; mtaona chini juu ya nini. Wageni walikuwa watano, watu wa adabu, wenye maswali mazuri. Tulishuka kwenye mchanga, tukapanda kwa miguu karibu saa moja na nusu, tukafika chini ya mwamba mkubwa wenye pango. Mlinzi wa mahali hakuwako: alikwenda kwenye matanga ya shemeji yake, kijiji cha mbali. Mtu mwenye akili angesema: turudi, tutakuja siku nyingine. Lakini safari ilikuwa ya siku moja, na feza zilikwisha kulipwa.

Basi kiongozi wetu akamwita mvuvi mmoja kutoka kule chini, akamfunga kitambaa cheupe kiunoni, akampa unga wa muhogo katika sahani, akamwambia: «Semasema kitu.» Yule mvuvi akainama mbele ya pango, akamwaga unga, akaanza kunung'unika. Nilisogea karibu ili nisikie. Alikuwa anataja samaki! Ndakala, mikebuka, kuhe, sangala, kisha anaanza tena. Wageni wakaniuliza: «Anasema nini?» Na mimi, ndugu zangu, mtu wa masomo, nikajibu: «Anaita mababu kwa majina.» Wakaandika katika vitabu vyao. Wakapiga foto. Mmoja wao akaokota kijiwe cheupe kilichokuwa ndani ya chungu mlangoni, akakitia mfukoni, kumbukumbu tu. Nilimwona. Nilinyamaza. Jioni nikapokea malipo yangu.

Baada ya siku kumi na tano nilirudi peke yangu kumwona mlinzi, nikamweleza yote. Hakunifokea. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema: «Mwanangu, mumeingia fasi ile sawa mutu anaingia chumba ya kulala ya wazazi wake, tena na watu wa inje. Mizimu iko mizimu, itajitetea. Lakini ninyi, haya yenu iko wapi?» Neno lile bado liko ndani yangu.

Sasa tuangalie kwanza neno «magofu». Katika safari ile, kiongozi aliwaambia wageni kwamba kule Mpala wataona magofu ya kale. Mpala gani ya kale? Kituo cha Mpala kilianzishwa mwaka 1883 na Emile Storms, ofisa wa jeshi la Ubelgiji aliyetumwa na Shirika la Kimataifa la Afrika, lile la mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885 kikapewa Mapadri Weupe. Haijafikia miaka mia moja na hamsini! Sidharau historia ya misioni. Wengi wetu tulipata kalamu yetu kutoka mikono ya mapadri. Lakini kumwambia mgeni kwamba ukale wa inchi yetu unaanza na boma la mzungu, huko ni kumfundisha kwamba mbele ya boma hapakuwa kitu.

Ukale wetu haukujengwa kwa mawe mengi, na ndiyo sababu macho ya haraka hayauoni. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya Sanga, kando ya ziwa Kisale, katika inchi ya Waluba. Walikuta watu waliozikwa na vyungu, na mapambo ya shaba, ya chuma na ya pembe, na makaburi mengine yamepita miaka elfu moja. Hakuna ukuta pale, hakuna nguzo. Ni udongo tu, na chini yake kuna ufalme. Kwetu vilevile. Watabwa wanasema juu ya ngulu, mizimu ya inchi inayokaa mlimani, pangoni, kwenye maporomoko ya maji. Mgeni anayefika saa nne na kuondoka saa tano ataona nini? Ataona jiwe. Kitu kinachofanya jiwe lile lisiwe jiwe tu ni mtu: mlinzi, ukoo wake, siku zinazokatazwa, njia inayofuatwa, pemba inayopakwa, neno linalotangulia. Ukimtoa mtu, umetoa mahali. Kinachobaki ni mvuvi anayetaja samaki.

Na kile kijiwe cheupe? Wenzangu wananiambia: ni kijiwe tu, Muzee, unakuza mambo. Hapana. Kijiwe kile kina babu yake. Mwezi wa 12 mwaka 1884 Storms alituma watu wake kumpiga shefu Lusinga. Lusinga hakuwa malaika, tuseme ukweli. Naye alifanya biashara ya watumwa. Lakini alikatwa kichwa, na fuvu lake likapelekwa Ubelgiji pamoja na mafuvu ya mashefu wengine wawili. Sanamu ya mababu ya Lusinga ilichukuliwa pia. Ikakaa nyumbani kwa Storms, na baada ya kifo chake ikaingia katika jumba la makumbusho la Tervuren. Mafuvu yaliwekwa katika taasisi ya sayansi ya viumbe mjini Brussels. Mwaka 2018 gazeti moja la Ubelgiji lilipoandika habari hiyo, wengi wetu hapa tulisikia kwa mara ya kwanza mahali kilipo kichwa cha shefu wa wazee wetu. Mwaka 2022 sanamu ya Storms yenyewe iliondolewa katika bustani moja ya Brussels, na mwaka huohuo jino la Lumumba lilirudishwa inchini. Tulifurahi, tulisema haki imeanza kutembea. Je, tutadai wazungu warudishe vichwa na sanamu, huku sisi wenyewe tunafungua mlango wa pango kwa dola chache? Najua kijiwe si kichwa. Lakini mkono ni uleule: mkono unaochukua bila kuuliza, kwa sababu mwenyewe hayuko au hana nguvu.

Wanaotaka safari hii wana maneno yao, na si maneno ya kipumbavu. Niyajibu moja moja.

Neno la kwanza: «Kijiji kinahitaji feza.» Ni kweli, njaa haina mchezo. Lakini tuhesabu kwa haki. Katika safari niliyoiona, mwenye mashua alilipwa, muuza mafuta ya mota alilipwa, kiongozi alilipwa, mimi nililipwa. Kijiji kiliachiwa vipande viwili vya sabuni na pakiti ya chumvi. Mlinzi hakupata hata habari. Ikiwa hiyo ni maendeleo ya kijiji, basi mwizi wa mbuzi anaendeleza zizi.

Neno la pili: «Vijana wetu hawajui tena mahali hapa. Wageni wakija, vijana watayathamini.» Neno hili linaniuma, kwa sababu nusu yake ni kweli. Vita vilisukuma watu huku na huku, walinzi wengine wamekufa bila kuacha mtu aliyefundishwa. Lakini kijana anayejifunza mahali pa babu yake kwa macho ya mtalii atajifunza nini? Atajifunza bei. Tumpeleke kijana kwanza, tena bure, akae usiku mzima na wazee, asikie kwa nini mti ule haukatwi. Kisha yeye mwenyewe ataona kama mgeni anaweza kuletwa ao hapana.

Neno la tatu linatoka kwa ndugu Wakristo: «Mambo ya mizimu yamekwisha. Acheni pawe pa kutembelea tu, kama makumbusho.» Mimi pia nimebatizwa. Nawakumbusha Stefano Kaoze, Mtabwa, padri wa kwanza wa inchi yetu, aliyepewa upadri mwaka 1917 kule Baudouinville, Moba ya leo. Yeye alikuwa bado mseminari alipoandika juu ya fikara za watu wake, na aliandika kwa heshima, kama mtoto anayesema juu ya nyumba ya baba yake. Unaweza kuacha kusali mahali, lakini kuacha kusali si ruhusa ya kupafanyia mchezo. Ni nani kati yenu angekubali mvuvi avae kanzu ya padri na kutaja samaki mbele ya altare, ili watalii wapige foto?

Neno la nne: «Mbona wengine wanafanya?» Wanafanya, ndiyo, lakini tutazame ginsi wanavyofanya. Kwenye pwani ya Kenya, misitu ya Kaya ya Wamijikenda iliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Kule Kaya Kinondo, kwa Wadigo, mgeni anaingia akiongozwa na mtu wa palepale, anafungwa kitambaa cheusi, na haruhusiwi kutoa kitu chochote msituni, hata jani. Kule Kasubi, Uganda, kwenye makaburi ya makabaka wa Buganda, mgeni anavua viatu, na nyuma ya pazia la nguo ya gome la mti hapiti. Maana yake: mwenyewe yuko, mpaka uko, na neno «hapana» liko. Mpango wetu hauna hata kimoja cha hivyo vitatu. Uko na mota tu.

Basi, kwa kuwa mtu asiyejenga hana haki ya kubomoa, naleta masharti yangu mbele ya chama.

Kwanza, hakuna safari itakayotangazwa mpaka mlinzi na ukoo wake wamekaa pamoja na shefu wa mila, na jibu lao limesikiwa. Wakisema hapana, ni hapana, na hatuendi kutafuta mzee mwingine wa kusema ndiyo.

Pili, mlinzi ndiye anachagua siku. Akiwa kwenye matanga, mashua inabaki ufukoni na wageni wanarudishiwa feza zao. Hii siku moja ya kukimbiakimbia ndiyo iliyozaa uongo wote niliousema.

Tatu, sehemu kubwa ya malipo ihesabiwe mbele ya kijiji, mchana, si gizani kwenye otele ya Kalemie.

Nne, hakuna kitu kinachotoka. Inchi yetu iko na sheria ya kulinda mali ya utamaduni tangu tarehe 15 Machi 1971, na sheria ya tarehe 25 Agosti 2015 juu ya mashefu wa mila. Tuzisome, tuache kusema kwamba hakuna serikali.

Tano, mgeni aambiwe ukweli. Cha mwaka 1883 kiitwe cha 1883. Na pale ambapo hatuwezi kumwonyesha, tumwambie bila haya: hapa hatupiti. Mgeni mwenye heshima ataelewa. Yule asiyeelewa, afadhali tumkose.

Sasa mnaona juu ya nini sikutaja mlima. Kitabu hiki kitasomwa Kalemie, Moba, Lubumbashi, labda na Ulaya. Kikiandika jina na njia, kesho mtu atakishika mkononi na kukodi mashua. Sisi waandikaji wa mila ni viongozi wa safari vilevile, na swali la mzee yule linatupasa sisi pia.

Kijiwe cheupe nimeshindwa kukirudisha. Kiko mfukoni mwa mtu mwema, katika inchi nisiyoifahamu. Malipo yangu ya siku ile nilimpelekea mlinzi. Hakuyapokea mkononi. Aliniambia niyaweke chini, kisha akaniuliza kama katika chama chetu kuna kijana mmoja ambaye ana nafasi ya kukaa naye msimu mzima, ajifunze, kwa maana yeye amezeeka na watoto wake wako mjini. Nilileta ombi hilo kwa chama, na mpaka leo hakuna aliyejiandikisha. Kwa safari ya mashua, majina yamekwisha kufika kumi na mawili.

Nangoja majibu yenu, na zaidi ya majibu, nangoja jina moja.